Mbio za Mpangaji Wetu

Mpangaji wetu wa chumba cha mbele alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana sijaona mtu aliyefanya kazi ngumu kama aliyoifanya yeye kuuficha woga wake. Miaka yote aliyokaa kwetu hapa Dodoma watu walimjua kama mtu wa mazoezi, mkakamavu, kifua mbele, filimbi shingoni. Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, aliwaambia wageni, "Huyu mwalimu hajui hata homa." Mimi niliyepakana naye ukuta nilijua mengine.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, na kazi iliyompa jina mtaani ilikuwa mchakamchaka. Walioanza shule juzi huenda hawaujui, basi niseme. Kila asubuhi, kabla ya masomo, watoto walipangwa mistari wakakimbia kuzunguka mtaa, mwalimu pembeni na filimbi, mmoja anaanzisha wimbo, wote wanaitikia, na vumbi la Dodoma linapanda mpaka kwenye sufuria za chai za watu. Tulilalamika sana kuhusu lile vumbi. Siku za likizo, mtaa ukiwa kimya, tulichelewa kuamka.

Na likizo zilikuwa msiba kwake. Alikuja mlangoni kwangu asubuhi, keshavaa raba, anazunguka maneno. "Dada, hawa watoto wamelala tu. Naomba niwatembeze kidogo, wasije wakavimba miguu." Nilimpa binti zangu wawili, jirani akampa wa kwake, akatoka na kamstari kake kafupi huku wengine wanapiga miayo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema hajawahi kuona mtu anaazima watoto kama watu wanavyoazima chumvi. Sikujua bado kwa nini hakuweza kutoka mwenyewe.

Woga wenyewe haukuwa wa kitu. Hapo ndipo watu wangeshindwa kumwelewa kama angewaambia, na hata mimi ilinichukua muda. Ulimjia tu mchana kweupe, amekaa anakunywa uji, na ghafla unaona jasho kwenye paji la uso, mkono kifuani, macho yanatafuta mlango. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa nafua uani. Alitoka chumbani anashika ukuta.

"Dada, nakufa," alisema.

"Umekula nini, Mwalimu?"

"Sijala kitu. Moyo unataka kutoka. Nakufa, dada, niitie mtu."

Nilimwaga maji, nikapindua beseni, nikamkalisha juu yake, nikaanza kumpepea kwa kanga. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo. Baada ya muda pumzi ikamrudia, akajifuta uso, akaniomba radhi kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Kisha akaingia ndani, akavaa raba, akaenda shuleni ingawa ilikuwa Jumamosi, akauzunguka uwanja mpaka adhuhuri. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, anataniana na mama habari za mlenda wake usioshikika. Ndipo nilipoelewa zile mbio zilikuwa za nini.

Nilimuuliza, naye hakunificha. "Nauchosha," alisema. "Ukiuchosha unalala. Siku nisipouchosha mimi, unanichosha wenyewe." Neno lake lilikuwa hilo, nauchosha, na hakuwahi kuuita jina lingine. Mama, aliyeona mbio tu, alisema ana jini la mbio. Mimi niliuita wasiwasi, kwa kukosa neno zuri zaidi.

Ilibidi nimlazimishe kwenda hospitali ya misheni kule Mvumi, kwa sababu niliogopa kweli ni moyo. Kupanda basi alikataa, alisema milango yake ikishafungwa hatafika hai, akaenda kwa baiskeli akarudi kesho yake uso umemwanguka. Nilidhani amepewa habari mbaya.

"Wamesema moyo mzima kabisa," aliniambia. "Mapafu mazima. Dokta ananiuliza, unafanya mazoezi? Nikamwambia, Dokta, mimi ni mwalimu wa mazoezi. Akasema vizuri, endelea hivyo hivyo."

"Sasa mbona umenuna? Si habari njema hiyo?"

"Dada, mtu mwenye kidonda anafunga kidonda. Mimi nifunge nini?"

Aliniapisha nisimwambie mtu. Wakazi wa mji huu watajua sababu. Tunayo hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwetu jina lake watoto hulitumia kutukanana wakigombea mpira. Mwalimu ambaye watoto wake wamesikia ana wasiwasi unaomkaba koo asingepanga mstari tena. Wangemkimbiza yeye.

Msije mkadhani alikuwa mtu laini. Alikuwa mkali, na mwenyewe niliwahi kugombana naye kwa ajili ya fimbo yake. Lililomkasirisha kuliko yote si uchelewaji wala uchafu, ni mtoto kuuacha mstari na kutangulia peke yake. Binti yangu mkubwa alikuwa na mbio, siku moja akawapita wenzake mpaka kona ya msikiti. Mpangaji wetu alimfuata akamrudisha kwa sikio, mbele yangu, nimesimama na ufagio.

"Ukikimbia peke yako unakimbia nini?" alifoka. "Ehe? Unakimbia nini? Kaa na wenzako!"

Nilimjibu vibaya siku ile, tukanuniana wiki nzima. Mtoto kushinda wenzake lini kumekuwa kosa?

Na huyohuyo aliyeogopa milango, aliyekaa kiti cha mwisho kanisani ili atoke haraka, aliyeng'oa komeo la chumba chake kwa bisibisi siku ya kwanza kuhamia, ndiye aliyeingia chooni kwetu kumtoa nyoka. Swila, amejikunja pembeni ya tundu, kichwa kimesimama. Wanaume wa nyumba tatu walikuwa wamejaa uani wanashauriana kwa sauti. Yeye aliomba mpini wa jembe, akaingia, tukasikia pigo, akatoka naye ananing'inia, mkono hautetemeki hata kidogo. Nilimwambia nilidhani yeye ni mwoga. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto mdogo.

"Nyoka si namwona," alisema.

Basi ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yakajaa redio, vitenge, mafuta ya nywele. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, kila mtu akavaa viatu. Tulifurahi, nisiwe mnafiki, mimi mwenyewe nilinunua pasi ya umeme kabla hata umeme haujaingia chumbani kwangu. Ila watu walipoanza kuwa na vitu, wakaanza pia kuibiwa, na mtaa uliokuwa unalala milango wazi ukaanza kununua makufuli. Kila aliyepita haraka alitazamwa mara mbili.

Shuleni nako mambo yakabadilika. Mwalimu mkuu mpya akasema mchakamchaka ni mambo ya zamani, wazazi wa sasa wanataka masomo ya ziada. Ile saa ya asubuhi ikawa saa ya tuisheni, walimu wenzake wakafurahi maana mishahara haikuwa inafika popote. Uwanja ukakatwa upande wa barabarani, vikajengwa vibanda vya kukodisha, na palipobaki pakarundikwa matofali. Mpangaji wetu akapewa darasa la tuisheni afundishe hesabu, chumba kilichojaa mpaka dirishani, mlango nyuma ya watoto wote. Alirudi siku ya kwanza shati limelowa.

"Nitoe wapi pa kukimbilia, dada?" aliniuliza.

"Si ukimbie tu mtaani kama wazungu."

"Peke yangu?"

Nikaanza kuelewa ule ugomvi wa kona ya msikiti. Mzungu akikimbia barabarani anafanya mazoezi. Watoto wakikimbia mstari mmoja na wimbo, ni shule. Mtu mzima mweusi, peke yake, kimya, anakimbia asubuhi, kwetu ana maelezo mawili tu, kaiba au katoroka kule hospitali. Hayo yote alikuwa ameyafikiri kabla yetu, miaka mingi. Kumbe wale watoto aliokuwa anawaazima walikuwa ndio kibali chake cha kukimbia.

Aliomba watoto wetu tena, lakini sasa nao walikuwa tuisheni. Akakaa bila kukimbia kwa muda, na nikausikia ukuta wangu. Alizunguka chumbani usiku na mchana, alipoongea sentensi zilikatika, uji aliuacha. Akakonda mpaka filimbi ikawa inamgonga mifupa. Mama, ambaye hakujua siri lakini ana macho, alimleta shehe amsomee. Mpangaji wetu ni Mkristo, hata hivyo alikaa kwenye mkeka kwa adabu zote, kichwa ameinamisha, akaitikia amina kila alipoona wengine wanaitikia. Nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje.

Mwisho akaamua kutoka. Kabla ya kutoka alijifundisha kitu, na nilimwona akijifundisha uani. Alikimbia na viganja wazi, vimeelekezwa mbele, vidole vimetanuka. Nilimuuliza ni mtindo gani huo.

"Ili wanaoniona waone sijabeba kitu," alisema.

Binti zangu walimwiga wakicheka, na kwa miezi kadhaa watoto wote wa mtaa walikimbia viganja wazi wakidhani ni mchezo. Yeye alikimbia hivyo asubuhi, kumekwisha kupambazuka ili aonekane vizuri, akipita njia ileile, akisalimia kila mlango. "Habari za asubuhi! Mimi huyo! Habari za asubuhi!" Alikuwa anapumua vibaya kwa ajili ya kusalimia. Hata hivyo rangi ikamrudia, akala, akamtania mama. Nilianza kuamini ameshinda.

Siku yenyewe, Bunge lilikuwa linakutana na mji ulikuwa umejaa wageni, watu wasiomjua. Karibu na stesheni ya reli mwanamke mmoja alikuwa ameibiwa redio kibandani, akatoka nje anapiga kelele. Mwizi alikwishapotea zamani. Aliyekuwa anakimbia barabarani alikuwa mpangaji wetu.

Muuza vitumbua wa kwetu aliyaona yote, na ndiye aliyenisimulia, analia. Alisema kama angesimama, yangeisha. Mtu akiitiwa mwizi naye si mwizi, husimama, akauliza nini. Lakini huyu aliposikia lile neno, ule woga wake ukamjia wote kwa pamoja, akaongeza mbio. Na walipomwona ameongeza mbio, hawakuhitaji ushahidi mwingine. Walimfuata kwa mawe na miti. Alipoanguka aliinua viganja vyake wazi, na mmoja akavipiga kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Aliipuliza ile filimbi, wakasema anawaita wenzake, wakaongeza. Muuza vitumbua alitupa karai lake chini, akajirusha juu yake anapiga kelele, "Ni mwalimu! Jamani ni mwalimu wa watoto wetu!" Wengine walisikia, wengine walisikia baadaye.

Walimleta nyumbani kwa mkokoteni. Sitaeleza alivyokuwa. Nitasema tu kwamba mama yangu, mwanamke aliyeosha maiti nyingi katika mji huu, aligeuka akatazama ukuta.

Baada ya siku chache wakaja watu kuomba radhi. Walikuja na kuku, wamevaa kanzu na mashati ya kupiga pasi, na mmoja wao mtoto wake alikuwa amefundishwa na huyuhuyu. Walikaa kwenye benchi barazani kwetu, wakasema yote yanayosemwa. Ibilisi aliwapitia. Hawakumjua. Mji umeharibika siku hizi. Kisha mkubwa wao akakohoa, akasema kwa upole kabisa:

"Mwalimu, tusamehe. Lakini na wewe, kusema kweli, ulikimbia."

Nilitaka kumtupia yule kuku usoni. Mpangaji wetu, uso wote umevimba, mikono imefungwa mbao na kitambaa, alitikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," alisema. "Nilikimbia."

Waliondoka wameridhika. Na mimi tangu siku ile sijawahi kuliona neno samahani kuwa kitu kikubwa.

Hakufundisha tena. Wizara ilikuwa inapunguza watu, naye akaomba apunguzwe. Tuliposikia amepata kazi Makutupora, kwa mkulima mmoja wa zabibu, kupogoa matawi na kufukuza ndege, mama alisema ni vizuri, kule kuna hewa na hakuna watu. Aliondoka bila kuaga watoto. Filimbi aliiacha kwenye msumari, na mama hakuruhusu mtu aiguse.

Ikapita miaka. Mama alifariki, binti zangu wakaolewa, na mimi nilipopunguzwa ofisini nilipokuwa mpiga chapa nikaingia kwenye biashara ya zabibu, nikazinunua shambani na kuzipeleka stesheni kuwauzia abiria. Msimu mmoja gari letu la mizigo lilipita Msalato likaenda mpaka Makutupora, na nikaamua kumtafuta. Nilimkuta msimamizi wa wavunaji, mwanamke wa makamo, anakula ugali na wenzake kivulini.

"Mwalimu? Yule mzee wa kupogoa?" alisema. "Yupo chumbani kwake. Ila usigonge sasa, mama. Subiri zikome."

"Zikome nini?"

"Utazisikia."

Nilizisikia kabla sijafika. Puu, puu, puu, miguu ya mtu inapiga chini. Chumba kilikuwa cha matofali mabichi, dirisha limezibwa, na mlango, naapa, ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Mtu yule aliyeng'oa komeo la kwetu kwa bisibisi. Nilisubiri mpaka miguu yangu ikachoka kusimama, nikagonga. Miguu ya ndani ikanyamaza.

"Ni mimi, Mwalimu. Binti wa mwenye nyumba wako."

Akafungua. Alikuwa amezeeka kuliko inavyostahili, jasho linamtiririka, na katikati ya sakafu ya udongo palikuwa na shimo la kina kama sahani, mahali miguu yake ilipokuwa imekula ardhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dada. Mama hajambo?"

"Mama alishatutoka."

Akakaa kitandani. "Aliniletea shehe wa kunisomea dua yule mama," alisema. Nikamuuliza kuhusu ule woga, unamjia bado? Akasema unamjia. Akasema wa siku hizi hauchoki, ila anaukimbiza hivyohivyo, humo ndani, maana nje hawezi. Alikuwa amejaribu. Akifika barabarani anageuka kurudi.

Sijui nilipata wapi wazo lile. Nilijifunga kanga kiunoni. "Simama," nikamwambia. "Twende tukakimbie."

"Na nani?"

"Na mimi. Miguu si ninayo?"

Kwa mara ya kwanza akacheka, kisha akaanza kupanga kama mwalimu. "Ukiwa nyuma yangu watasema unanifukuza. Nikiwa nyuma yako watasema nakufukuza."

"Basi sambamba."

"Sambamba. Na tuimbe, dada. Usiache kuimba."

Tulitoka kwenye njia ya mashambani, mizabibu huku na huku, mimi mwanamke mzima na viatu vya plastiki, naimba wimbo wa watoto niliousikia ukipita mlangoni kwangu miaka yote ile. Naye akaitikia. Sauti ilikuwa mbovu, lakini aliitikia. Tulikimbia mpaka nilipoanza kutweta, nikamwangalia kwa pembeni nikaona kifua kimerudi mbele. Nilifurahi jamani. Nilianza kuwaza nitakuja kila msimu.

Mbele yetu akatokea mtu wa baiskeli, amefunga makreti ya zabibu nyuma. Njia ilikuwa nyembamba, akashuka, akasimama kutungoja. Alitutazama tu, kama yeyote angetazama.

Mpangaji wetu alisimama ghafla. Viganja vikapanda juu, wazi, vidole vimetanuka, viwili kati yake havinyooki tena.

"Sijachukua kitu," alimwambia yule mtu.

"Mzee, sijasema umechukua," alijibu yule kijana, ameshangaa. "Naomba mnipishe tu nipite."

"Muulize huyu dada. Sijachukua kitu."

Nilimshika mkono kuushusha, haukushuka. Yule kijana akapitisha baiskeli yake majanini, anageuka nyuma kutuangalia, na tukarudi tukitembea, mimi sina wimbo. Mlangoni aliniambia asante, akaniambia niwasalimie watoto. Nikamwahidi nitarudi, akasema, "Usijisumbue, dada," kwa upole uleule aliowajibu wale watu wa kuku. Komeo likaingia.

Gari lilikuwa linapiga honi. Nilipaswa kuondoka. Nilisimama pale nikasikia miguu inaanza tena, na nikaweka jicho kwenye ufa wa mlango. Alikuwa ndani ya lile shimo, anakimbia palepale, uso ameuelekeza ukutani, na viganja vyote viwili viko wazi, anauonyesha ukuta kwamba hajabeba kitu.